Helios Voting: mapitio ya mfumo wa kura ya mtandaoni unaoficha kura na kuanika hesabu

Chama chenye wanachama 400 waliotawanyika Dar es Salaam, Bukavu, Muscat na Minneapolis hakiwezi kuwakusanya wote ukumbini siku ya kuchagua kamati. Wengi huishia kwenye fomu ya Google au kura ya kikundi cha WhatsApp, na hapo mambo mawili huharibika kwa mpigo: kwenye kikundi kila mtu anaona nani kampigia nani, na kwenye fomu mwenye fomu anaweza kuwaona wote na kubadilisha namba bila mtu kujua. Helios imetengenezwa kuziba pengo hilo. Inadai kwamba kura yako haitaonekana na mtu yeyote, na papo hapo kwamba mtu yeyote, hata asiye mwanachama, anaweza kuihakiki hesabu mwenyewe bila kumwamini msimamizi.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa upande wa hisabati, madai hayo yanasimama. Penye udhaifu ni sehemu mbili ambazo hisabati haifiki: kifaa anachopigia kura mwanachama, na watu mnaowakabidhi ufunguo wa kufungulia matokeo. Chama kikizishughulikia hizo, Helios inafaa kabisa kwa SACCOS, umoja wa wahitimu, chama cha kitaaluma au chama cha wafanyakazi. Kwa ubunge au urais haifai, na wenye Helios wenyewe wanasema hivyo.

Mfumo ulibuniwa na Ben Adida, aliyeuwasilisha mwaka 2008 kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa USENIX. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, kiliutumia kumchagua mkuu wake, katika uchaguzi ambao watu wapatao 25,000 walikuwa na haki ya kupiga kura. Tangu 2010 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa usimbaji, IACR, huchagua viongozi wake kwa Helios. Msimbo uko wazi, umeandikwa kwa Python na Django, na data inakaa PostgreSQL. Mnaweza kutumia seva yao, vote.heliosvoting.org, au kuuweka kwenye seva yenu. Ada hakuna. Skrini ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo andaeni ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili wenye picha za kila hatua, vinginevyo simu ya katibu haitapumzika.

Kura ndani ya kufuli

Siri ya Helios ni kwamba kura haifunguliwi moja moja. Inasimbwa ndani ya kivinjari cha mpiga kura, yaani inageuzwa kuwa namba zisizosomeka bila ufunguo, kisha kura zote zinajumlishwa zikiwa bado zimefungwa. Kinachofunguliwa ni jumla peke yake.

Tuchukue namba ndogo ili jambo lionekane. Kila hesabu tunaigawanya kwa 23 na kuchukua baki. Namba ya msingi ni 4. Ufunguo wa siri ni 3, hivyo ufunguo wa wazi ni 4 kwa kipeo cha 3, yaani 64, ambayo ukiigawanya kwa 23 inabaki 18. Wapiga kura watatu wanaulizwa kama wanamkubali mgombea mmoja: ndiyo ni 1, hapana ni 0. Kivinjari cha kila mmoja kinaokota namba ya kubahatisha, kisha kinatengeneza jozi. Namba ya kwanza ya jozi ni 4 kwa kipeo cha ile namba ya kubahatisha. Ya pili ni 18 kwa kipeo hichohicho, ikizidishwa kwa 4 kama kura ni ndiyo, au ikiachwa ilivyo kama ni hapana.

Wa kwanza anasema ndiyo, kivinjari kimeokota 2: jozi yake ni (16, 8). Wa pili anasema hapana, kimeokota 5: (12, 3). Wa tatu anasema ndiyo, kimeokota 3: (18, 6). Zitazame tena zile mbili za ndiyo, (16, 8) na (18, 6). Hazifanani hata kidogo, na ndiyo maana jozi zote zinaweza kubandikwa hadharani bila kumuumbua mtu.

Sasa zidisha namba za kwanza: 16 mara 12 mara 18, inabaki 6. Zidisha za pili: 8 mara 3 mara 6, inabaki 6 pia. Jozi ya jumla ni (6, 6). Mwenye ufunguo wa siri anachukua ile 6 ya kwanza kwa kipeo cha 3, anapata 216, inabaki 9. Anatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 9 inabaki 6: ni 16. Na 16 ni 4 kwa kipeo cha 2. Ndiyo ni 2. Hakuna kura hata moja iliyofunguliwa, na yeyote mwenye kalamu anaweza kurudia kuzidisha na kuona kama jozi ya jumla ndiyo hiyo. Helios halisi inatumia namba tasa yenye biti 2048, zaidi ya tarakimu 600, na mfumo huu wa kusimba unaitwa ElGamal.

Msomaji makini atauliza: na mtu akisimba 50 badala ya 1? Imefungwa, nani atajua? Kwa hiyo kila kura inaambatana na ithibati isiyofichua, yaani namba zinazothibitisha kwamba ndani mna 0 au 1 bila kusema ni ipi, na nyingine inayothibitisha kwamba jumla ya alama alizoweka mpiga kura haikuvuka kikomo. Kura isiyo na ithibati sahihi inakataliwa. Hapa Helios iliwahi kukosea, na inafaa kujua. Mwaka 2011 Véronique Cortier na Ben Smyth walionyesha kwamba mtu angeweza kunakili kura iliyofungwa ya mwingine na kuiwasilisha kama yake. Katika uchaguzi wa watu watatu, wa tatu akinakili ya wa kwanza, mgombea atakayepata kura mbili au zaidi ndiye aliyechaguliwa na wa kwanza, na siri imekwisha. Dawa ni seva kukataa kura pacha. Mwaka 2012 David Bernhard, Olivier Pereira na Bogdan Warinschi wakaonyesha kwamba hesabu ya ithibati iliacha baadhi ya namba nje ya muhtasari wake, yaani namba fupi inayowakilisha data yote, na udhaifu huo ungeweza kutumiwa kuharibu uchaguzi. Mkiweka Helios kwenye seva yenu, mwambieni fundi wenu ahakikishe kasoro hizo mbili zimezibwa kwenye msimbo mnaoutumia, na awaonyeshe mahali zilipozibwa. Asichukue nakala aliyoikuta imelala mahali.

Kuandaa uchaguzi

Unaingia kwa akaunti kama ya Google au GitHub, unafungua uchaguzi mpya, unaandika jina na maelezo, kisha unakutana na visanduku vya kuweka tiki. Weka tiki kwenye kuchanganya mpangilio wa majibu, ili mgombea anayeanza na herufi A asipate faida ya kukaa juu. Kisanduku cha majina ya badala kinataka mjadala, tutakirudia.

Muda wa kufungua na kufunga unaandikwa kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, na hapa watu hukosea kila mara. Kura ikifungwa saa 12 jioni ya Dar es Salaam au Nairobi, unaandika 15:00. Saa hiyo ni saa 11 jioni Bukavu, Kigali na Bujumbura, na saa 1 usiku Muscat. Kwenye tangazo kwa wanachama andika saa ya kila mji, na useme wazi kama unahesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, maana "saa 6" imeshawapoteza wengi.

Maswali ni ya kuweka alama tu. Ukichagua wajumbe 5 kati ya wagombea 9, unaweka kiwango cha chini 0 na cha juu 5. Chini ukiweka 5, mwanachama anayewakubali watatu tu atalazimika kuwapigia wawili asiowataka. Kura ya kuwapanga wagombea kwa daraja, wa kwanza hadi wa mwisho, Helios haina.

Orodha ya wapiga kura inapakiwa kama faili la CSV, mstari mmoja kwa kila mtu: neno password, kisha namba ya uanachama, barua pepe na jina kamili, vikitenganishwa kwa mkato. Faili hili ndilo huchelewesha uchaguzi kuliko kitu kingine chochote. Excel inakula sifuri za mwanzo, 0147 inakuwa 147, basi anzisha namba zote kwa herufi, mfano M0147. Kompyuta zilizowekwa mipangilio ya Ulaya huhifadhi kwa nukta mkato badala ya mkato. Jina lililoandikwa "Juma, Asha" linavunja mstari vipande viwili. Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, kisha lifungue faili kwa kihariri cha maandishi matupu, si Excel, na usome mistari kumi ya mwanzo na kumi ya mwisho kwa macho kabla ya kupakia.

Mfumo unamtumia kila mmoja nywila yake kwa barua pepe. SMS haipo. Kwa SACCOS ya wakulima ambako wanachama wengi wana simu ya tochi na M-Pesa lakini hawana barua pepe, hicho ni kikwazo kikubwa kuliko usimbaji wote, na heri mfanye mkutano wenye sanduku. Na pale ambapo mke na mume wanatumia anwani moja, anayeifungua ana kura mbili mkononi. Msimamizi azitafute anwani zilizojirudia kwenye faili na kuwapigia simu wenyewe mapema. Wiki moja kabla, tuma barua ya majaribio. Zitakazorudi ni anwani mbovu, na walio kimya waambie waangalie kwenye spamu.

Hatua ya mwisho ni kugandisha. Ukishagandisha, maswali, wagombea na funguo havibadiliki tena. Jina la mgombea lililokosewa herufi litabaki limekosewa, kwa hiyo waoneshe wagombea wote karatasi ya kura na wakubali kwa maandishi kabla hujabonyeza.

Kupiga, kukagua, kutuma

Mpiga kura anafungua kibanda, yaani ukurasa wa kupigia kura, anachagua, anapitia alichochagua, na kivinjari kinasimba. Kisha anaonyeshwa namba ya ufuatiliaji, mfululizo wa herufi na tarakimu ambao ni muhtasari wa kura yake iliyofungwa. Aipige picha au ainakili. Baada ya hapo ndipo anaulizwa nywila na kutuma. Ni muhimu kwamba nywila inakuja mwisho: wakati wa kusimba, kibanda hakijui wewe ni nani, kwa hiyo hakiwezi kumlenga mtu fulani kwa udanganyifu.

Namba ya ufuatiliaji inakuwezesha kuona baadaye kwamba kura yako imo kwenye ubao wa kura, ukurasa wa wazi unaoorodhesha kura zilizofungwa, na haijabadilishwa. Lakini haikwambii kama kivinjari kilisimba ulichochagua. Umeweka tiki kwa Asha, je, hakikufunga jina la Juma? Jibu la Helios linatokana na wazo la Josh Benaloh: kabla ya kutuma, unaweza kubonyeza kukagua. Mfumo unalazimika kuifichua kura ile, pamoja na namba za kubahatisha ilizotumia, na unaweza kuzipeleka kwenye kihakiki kilicho kwenye kompyuta nyingine ili kione kama vinalingana na namba ya ufuatiliaji. Kura iliyokaguliwa haitumwi, kwa sababu sasa ungeweza kumuonyesha mtu ulivyopiga na kuchukua hela yake. Unarudi, inasimbwa upya, na unachagua tena kutuma au kukagua.

Nguvu yake iko kwenye wingi. Tuseme mpiga kura mmoja kati ya kumi anakagua, na programu ovu inabadilisha kura 20 bila kujua nani atakagua. Uwezekano wa kutokamatwa ni 0.9 kwa kipeo cha 20, yaani takriban asilimia 12. Ikijaribu kura 50, ni nusu ya asilimia moja. Lakini asipokagua mtu, uwezekano wa kukamatwa ni sifuri, na ukweli ni kwamba wanachama wa kawaida hawakagui. Teueni mawakala sita au saba, kila mgombea atoe wake, ambao kazi yao ni kukagua kura mbili au tatu kila mmoja kwa siku tofauti, wakitumia simu za watu tofauti, kisha watume kura zao.

Kuna hitilafu moja ya matumizi ambayo lazima ukurasa wenu wa maelezo uitaje kwa herufi kubwa. Mtu anaona kura imesimbwa na namba ya ufuatiliaji imetoka, anadhani amemaliza, anafunga simu. Hajapiga kura. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rice wa 2014 uliojaribu Helios na mifumo mingine miwili ya aina hii ulikuta kwamba kwa mifumo yote mitatu ni asilimia 58 tu ya kura ndizo zilizotumwa kikamilifu. Waambieni wanachama: kama hujaweka nywila na kubonyeza kutuma, na hujapata barua pepe ya kuthibitisha, hujapiga kura.

Habari njema ni kwamba ukikosea unaweza kupiga tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Hilo linamsaidia kiasi pia mtu aliyesimamiwa na bosi au mume wakati wa kupiga. Atarudia baadaye akiwa peke yake. Kiasi tu. Anayemsimamia akisubiri dakika za mwisho, au akimnyang'anya nywila, hakuna cha kurudia. Kibanda cha turubai kwenye kituo cha kura kinamlinda mtu huyo kuliko programu yoyote, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutopeleka Helios kwenye uchaguzi wa nchi.

Ya pili ni kifaa chenyewe. Mwaka 2010 Saghar Estehghari na Yvo Desmedt walionyesha jinsi kompyuta ya mpiga kura ikishaingiliwa, Helios 2.0 ingeweza kumuonyesha jina moja na kutuma jingine. Ukaguzi kwenye kifaa kilekile kilichoingiliwa hausaidii, nacho kitadanganya. Ndiyo maana tunasisitiza kompyuta nyingine.

Majina au V12

Turudi kwenye kile kisanduku. Ukikiacha bila tiki, ubao unaonyesha jina la kila mwanachama na namba ya ufuatiliaji ya kura yake. Ukikiwekea tiki, majina yanageuka V1, V2, V12. Hapa usiri na uhakiki vinavutana kamba waziwazi, na msikubali msimamizi aamue peke yake.

Majina yakionekana, wapiga kura hewa wanabanwa. Seva ndiyo inayotengeneza nywila, kwa hiyo anayeitawala seva anaweza kuwapigia kura wale ambao hawakujitokeza, na hisabati yote ya hapo juu itasema kila kitu kiko sawa, kwa kuwa ni kura halali zilizosimbwa vizuri. Kinachomkamata ni Mwanahamisi ambaye hakupiga, anapoona kwenye ubao kwamba jina lake lina kura. Yakiwa V12, Mwanahamisi ataweza kujua tu akiijua namba yake, na jirani yake hawezi kumsaidia kutazama.

Kwa upande mwingine, majina yakionekana, mwajiri anajua nani kashiriki uchaguzi wa chama cha wafanyakazi, na pale ambapo kususia ni msimamo, kutopiga kura ni siri pia. Tena kuna la muda mrefu: kura zilizofungwa zinabaki hadharani pamoja na jina la mwenyewe. Siku kompyuta za kwanta, kompyuta za aina mpya zinazotumia fizikia ya chembe ndogo, zitakapoweza kuvunja ElGamal, aliyehifadhi nakala ya ubao atasoma kila kura ya zamani kwa jina.

Ushauri wetu: SACCOS na vyama vya wahitimu, wekeni majina, hatari yenu ni wizi wa kura kuliko kisasi. Chama cha wafanyakazi, wekeni V, kisha kila mgombea atoe wakala wa kuwapigia simu wanachama wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wathibitishe wenyewe kama walipiga. Na kundi la watu watano lisitumie mfumo wowote likidhani lina siri. Wote wakimpa mmoja, matokeo yenyewe yamewataja.

Wakenya wana mfano wao wa mvutano huu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, itoe nafasi ya kukagua seva zake, agizo halikutimizwa ipasavyo, na hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyozingatiwa uchaguzi wa rais ulipofutwa tarehe 1 Septemba. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A, fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, na yeyote aliweza kujumlisha. Siri ilibaki kituoni kwenye sanduku, hesabu ikaanikwa. Kwenye Helios ubao wa kura unafanya kazi ya zile fomu, na tofauti ni kwamba nyuma yake hakuna karatasi ya kurudia.

Washika ufunguo

Mkiacha Helios ilivyo, seva yenyewe ndiyo inashika ufunguo wa kufungulia. Maana yake anayeitawala seva anaweza kufungua kura moja moja, na siri yote inategemea uungwana wake. Msiache hivyo. Ongezeni washika ufunguo wenu watatu, na wasiwe marafiki: mmoja kutoka kila kambi, na wa tatu mtu wa nje anayeheshimika.

Tukirudi kwenye namba zetu ndogo, ufunguo 3 unaweza kugawanywa kuwa 1 na 2. Wa kwanza anachukua 6 kwa kipeo cha 1, anapata 6. Wa pili anachukua 6 kwa kipeo cha 2, inabaki 13. 6 mara 13 ni 78, inabaki 9, ileile tuliyoihitaji. Hakuna aliyeuona ufunguo wa mwenzake, na kila mmoja anatoa ithibati kwamba kipande chake ni sahihi. Lakini ile 13 isipopatikana, sanduku halifunguki.

Hilo si la kufikirika. Uchaguzi wa IACR wa mwaka 2025 ulikuwa na washika ufunguo watatu, na Helios ilivyo iliwahitaji wote watatu. Kura zilipofungwa Novemba, mmoja alikuwa amepoteza ufunguo wake moja kwa moja. Matokeo hayakuweza kufunguliwa kamwe. Uchaguzi ulirudiwa, na jumuiya ikatangaza kwamba safari hii wawili kati ya watatu wangetosha. Hawa ni watu waliobuni sehemu kubwa ya usimbaji unaotumika duniani. Ikiwa limewakuta wao, chama chenu kipange kana kwamba litawakuta ninyi.

Chukulia kila mshika ufunguo ana uwezekano wa asilimia 2 wa kuupoteza. Wakihitajika wote watatu, uwezekano wa uchaguzi kufa ni karibu asilimia 6. Wakitosha wawili, unashuka hadi kama asilimia 0.12. Gharama yake ni kwamba wawili wakila njama wanaweza kufungua kura za watu, ambapo awali wangehitajika watatu. Tunaona biashara hiyo ina faida.

Helios ilivyo haina mpango wa wawili kati ya watatu. Belenios inao. Huu ni mfumo uliozaliwa na Helios, unaotunzwa na watafiti wa maabara ya Loria kule Nancy, Ufaransa, nao pia ni bure na msimbo wake uko wazi. Unaongeza jambo jingine la maana: kila mpiga kura ana nywila kutoka seva na kitambulisho cha siri kutoka kwa mtu mwingine asiye na mamlaka juu ya seva, kwa hiyo seva peke yake haiwezi kuzalisha wapiga kura hewa. Unakubali pia kura za kupanga wagombea. Kinachomsumbua mwanachama ni kutunza vitu viwili badala ya kimoja, na kitambulisho kikipotea kwenye barua pepe usumbufu ni mkubwa. Chama chenye ugomvi wa kweli, au chenye seva inayosimamiwa na mmoja wa wagombea au ndugu yake, kiende Belenios bila kusita. Chama chenye amani na wanachama wasiopenda hatua nyingi, Helios inatosha.

Mkibaki na Helios, kila mshika ufunguo atengeneze ufunguo kwenye kompyuta yake mwenyewe, si simu, na si kompyuta ya ofisi ya chama. Ufunguo unatengenezwa ndani ya kivinjari, na seva haiuoni. Akifunga ukurasa bila kuuhifadhi, haurudi. Auhifadhi kwenye flashi mbili, auchapishe kwenye karatasi, na nakala moja aitie kwenye bahasha anayoibandika na kuisaini juu ya mkunjo, aikabidhi kwa mtu anayemwamini yeye, na watatu hao wasikabidhi kwa mtu mmoja. Asiutume kwa WhatsApp wala barua pepe, hata kwake mwenyewe.

Kisha fanyeni uchaguzi wa majaribio wenye kura tano, kuanzia faili la CSV hadi kufungua matokeo, kila mshika ufunguo akiwa kwenye kompyuta ileile atakayotumia. Ufunguo wa majaribio haufungui uchaguzi halisi. Kila uchaguzi una wake. Kwa hiyo kabla ya kugandisha uchaguzi halisi, kila mmoja aingie kwenye ukurasa wake wa mshika ufunguo na kuuhakiki ufunguo mpya kwa kuubandika kutoka kwenye flashi ya pili, ile ambayo hajaigusa tangu alipoihifadhi. Ikikataa, mnamtengenezea mwingine siku hiyohiyo. Mkishagandisha, hamwezi tena.